Ramani Ilinipeleka Mikokoni, Mama

Mama yangu mpenzi,

Nakuandikia nikiwa na kinyaa moyoni, na sina mwingine wa kumwambia.

Unakumbuka ulipokuja Maputo kutibiwa macho? Nilikupakia garini, na sauti ya yule mwanamke wa GPS ikatuambia kata kushoto, kata kulia, mpaka tukasimama mbele ya duka la mikate lililojificha uchochoroni. Ulicheka mpaka ukafuta machozi kwa ncha ya leso. Ukaniuliza, "Na kwetu Quionga anakujua huyu?" Nikakujibu kwa kiburi kwamba anaijua dunia nzima.

Nakumbuka pia safari zetu za miguu nilipokuwa mdogo. Njia uliijua vizuri, lakini kila nyumba ulisimama, ukapiga hodi, ukasalimia, ukauliza njia. Mimi miguu inaniuma, nimenuna. Ukaniambia, "Tunauliza ili wajue tumepita." Niliona ni umbea tu.

Siku uliyofariki nilikuwa Palma, jirani tu na Quionga, kwa kazi ya serikali. Siku ya tatu, mama, na sikuwa nimekuja kukusalimu. Hata nyumba yako mpya, uliyoijenga mliporudi kutoka ukimbizini, sikuwahi kuiona. Mjomba alinipigia simu asubuhi: mazishi ni baada ya swala ya adhuhuri, nami nikifika Quionga niulize. Sikuuliza. Niliandika jina la kitongoji kwenye ramani ya gari, nikaifuata.

Ramani ile ile inayojua vichochoro vya Maputo ilinichorea barabara iliyonyooka vizuri, kumbe ni njia ya zamani ya majaruba ya chumvi. Kule Maputo hata kibanda cha soda kina jina. Kwetu wamechora mstari wakaenda zao. Gari lilizama matopeni katikati ya mikoko, na ile sauti, bila haya, ikaniambia nimefika. Nilitaka kuitapikia.

Lakini uchafu wenyewe si huo. Kabla ya kuingia mikokoni nilipita nyumba moja ambapo mama mmoja alikuwa anaanika makopa ya muhogo. Aliacha kazi yake, akanyoosha mgongo, akangoja nimsalimie. Nilijua ataniuliza mimi ni mtoto wa nani. Ningemjibu nini? Kwamba mimi ni mtoto wako, ila sijui unakaa wapi? Nikapandisha kioo, nikapita.

Nilifika kwa miguu, suruali imejaa matope mpaka magotini. Watu walikuwa wanatawanyika, na kaburi limeshamwagiwa maji. Mjomba akanishika mkono.

"Tumekungoja, mwanangu, mpaka imamu akasema basi. Hukumwona mtu njiani wa kumwuliza?"

Nikamwambia ramani ya gari ilinipoteza, na sikuona mtu. Akaniamini. Akanipa pole, akanisimamisha penye kaburi lako, nikakuombea dua huku nimeinamisha uso. Kukuweka ndani kwa mikono yangu, jambo la mwisho ulilonidai kama mwanao, walilifanya wengine.

Najichukia, mama. Mungu akulaze pema, na kama marehemu husamehe, nisamehe. Matanga bado hayajaanuliwa. Kila anayekuja kunipa pole hukaa mkekani akailaani ramani ile, nami namwacha ailaani.

Ni mimi, mwanao wa kwanza