Babu wa Ukutani

Kilosa, Jumapili. Mvua inanyesha tangu alfajiri na sijatoka nje. Si mvua inayonizuia.

Mezani kwangu kuna picha ndogo, haizidi kiganja: mzee mwenye kilemba na ndevu. Hadi Alhamisi ilikuwa ukutani kwa Bi Hadija, kule Mikumi. Jana dereva wa Noah, gari la abiria, aliniletea, imefungwa kwenye kipande cha kanga.

Alhamisi tulimzika kaka yake Bi Hadija. Mimi ni mtani wao. Kwa asiyejua: kabila langu na lao hutaniana tangu enzi za mababu, na msibani kazi ya mtani ni kuwachekesha wafiwa. Anaweza kujilaza njiani kuzuia jeneza, kumtukana marehemu, au kunyakua kitu cha thamani mpaka akombolewe kwa jogoo. Na hakuna anayeruhusiwa kukasirika.

Nikanyakua picha.

Ukoo mzima ulijua kuwa ni babu yao, yule aliyekwenda Hija akarudi na kilemba. Baba yake Bi Hadija ndiye aliyeileta nyumbani kutoka kwa meneja wa shamba la mkonge, alikokuwa mpishi. Watoto walipoona kilemba wakasema babu, naye hakukanusha. Bi Hadija amezeeka akiiamkia kila asubuhi, "Shikamoo babu," ndipo anywe chai.

"Huyu si babu yenu!" nilipiga kelele. "Ukoo wenye sura za kima, mzee mzuri hivi mmemtoa wapi?"

Watu walicheka. Bi Hadija naye alicheka huku akifuta machozi. "Rudisha babu yangu, we mtani mwizi! Jogoo wako yuko bandani."

Hapo ndipo nilipopaswa kuirudisha.

Lakini nilikuwa nimeitazama kwa karibu, na nimefundisha historia maisha yangu yote. Nikavaa miwani. Nikaeleza kwamba hii haikupigwa kwa kamera. Ni mistari iliyochongwa kwenye bamba la shaba, ikajazwa wino, ikagandamizwa kwenye karatasi. Nikawaonyesha alama ya ukingo wa bamba. Kazi ya Ulaya, nikasema, ya mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa, babu yenu hajazaliwa. Nikaitoa kwenye fremu na kusoma Kifaransa kilichokuwa kimefichwa chini: mfanyabiashara wa Kituruki.

Kicheko kilikatika.

Bi Hadija akauliza taratibu, "Mtani, unatania au unafundisha?"

Neno moja tu, natania, lingetosha.

"Nafundisha," nikasema.

Akaketi mkekani. "Basi miaka yote hii nimekuwa nikimwamkia nani?"

Nami, Mungu anisamehe, nikamjibu kwamba hatuwezi kujua, kwa kuwa jina halikuandikwa.

Nikiri na jambo baya zaidi. Nilifurahi. Tangu nistaafu hakuna aliyenisikiliza kwa ukimya kama ule.

Dereva alipokuwa akinikabidhi mzigo alisema, "Shikamoo mwalimu. Bibi kasema huyu ni mgeni wako, mpe pa kulala." Nilisahau kuitikia marahaba.

Kesho nitapanda gari la kwanza kwenda Mikumi. Mtani anaruhusiwa kusema uongo. Nitamwambia yote niliyatunga, Kifaransa sikijui, na nimekuja kumdai jogoo wangu.

Ninachoogopa ni kimoja: nilieleza vizuri mno.