Kwa Kaka Yangu Aliyesema Damas Hakuwa Jambazi

Kaka yangu mpendwa Magesa,

Nakuandikia huku najua hakuna posta itakayokufikishia. Mama amelala, wageni wa juzi wamemchosha, nami nimebaki barazani na mambo yetu mengi kichwani. Nimeona niyaseme kwako mwenyewe.

Watu wanaosikia mama akikuita mwanangu, nami nikikuita kaka, huuliza tuna undugu gani na mtu wa Musoma. Wewe hukuwahi kuwajibu. Ulikuwa unacheka tu, unavuta sahani, unasema, "Ninyi watu wa Ifakara, wali asubuhi, wali mchana, wali jioni! Hivi ugali umewakosea nini?" Mama akawa anakusongea wa kwako peke yako, wa muhogo, mgumu vile ulivyoupenda. Ukimaliza unamwambia bado kidogo tu aufikie ule wa mama yako mzazi, naye anajidai kukasirika. Lakini mara ya kwanza ulipoingia kwenye ua huu hukuja kula. Ulikuja tumefiwa.

Damas, mtoto wa kwanza wa mama, alikuwa fundi baiskeli hapa Kibaoni. Siku ile alikwenda kijiji cha Mbingu kuchukua mpunga wa mama, akawa anarudi jioni juu ya magunia, kwenye pikapu aliyopewa lifti. Njiani, penye kona, askari walikuwa wameweka kizuizi, kwa sababu siku zile majambazi walikuwa wanateka magari ya wafanyabiashara wa mchele. Dereva alikiona kizuizi amekwisha kukikaribia. Akafunga breki, gari likaserereka kwenye tope kuwaelekea askari. Mmoja wao akafyatua risasi. Damas akafia juu ya mpunga wa mama.

Haya nayaandika leo kwa sababu ulituambia wewe. Sisi asubuhi yake tuliambiwa kwamba kumetokea majibizano ya risasi, jambazi mmoja ameuawa, wenzake wametoroka. Dereva alikuwa amewekwa ndani, kwa hiyo hatukuwa na wa kumuuliza. Habari zilienea sokoni hata kabla hatujapewa mwili.

Unaijua misiba ya huku kwetu, jinsi watu wanavyojaa mpaka njiani. Wa Damas ulikuwa na mikeka mitupu. Majirani walipita wakitazama upande wa pili. Mafundi wenzake, watu aliokula nao kila siku, waliogopa kuonekana wasije wakaitwa wenzake wa ujambazi. Tulimzika sisi wa ukoo tu, na wala hatukuwa wengi. Mama hakulia. Alikaa amejifunga khanga kiunoni, anarudia jambo moja: "Damas angemwibia nani? Hata kuku wa watu akiingia hapa alikuwa anambeba kumrudisha kwao."

Ndipo ukaja. Ulikuja mchana kweupe, peke yako, kwa miguu, umevaa sare ya polisi. Kila aliyekuwa njiani alikuona. Mjomba Ponsiano, ndugu yake mama, alikuzuia pale penye uzio.

"Sasa mmekuja kumchukua nani?" alikuuliza.

Ukavua kofia. "Shikamoo, mzee. Nimekuja kutoa pole. Na nina maneno ya kumwambia mama wa marehemu."

Mjomba hakuitikia, ila mama alikuwa amesikia. Akasema apishwe huyo kijana. Ulikaa chini, kwenye mkeka, na buti zako ukaziacha nje ya mkeka.

"Mwanangu alikuwa na bunduki?" mama aliuliza.

"Hapana, mama."

"Panga?"

"Hapana. Hakuwa na silaha yoyote. Alikuwa ameshika kamba ya magunia asianguke."

"Sasa mbona mnamwita jambazi?"

Ukasema, "Kwa sababu tukisema hakuwa jambazi, itabidi tuseme tumekosea. Na tumekosea, mama. Kizuizi kile niliamuru mimi kiwekwe pale penye kona. Hakikuwa na taa wala alama. Nilipaswa kujua kwamba dereva hawezi kukiona mapema."

Mjomba Ponsiano akadakia, "Na haya maneno utayasema hapa uani tu, au na mbele za watu?"

"Popote nitakapoulizwa, mzee."

Ulipoondoka, mjomba alisema huruma ya uani haimgharimu askari kitu. Mimi sikujua nishike lipi. Mama peke yake ndiye aliyekuamini toka siku ile. Alisema mtu anayekuja kudanganya haanzi kwa kujitaja yeye mwenyewe.

Minong'ono ilipozidi, na watu wa Mbingu walipoanza kusema wazi kwamba walimwona Damas akipakia mpunga, serikali ikamtuma mkubwa mmoja wa polisi aje kutuliza hali. Tukaitwa kwenye mkutano wa hadhara, uwanja wa mpira. Mkubwa yule alizungumza vizuri, kwa upole, akasema vijana wake walikuwa wakilinda mali za wananchi, wakashambuliwa, wakajibu. Aliposema kama kuna mwenye swali, mama akainuka. Nilimshika khanga akaninyang'anya. Akatembea katikati ya watu mpaka mbele.

"Mwanangu aliwashambulia kwa kitu gani?"

"Mama, pole sana. Uchunguzi bado unaendelea."

"Simuulizi mtu ambaye hakuwepo," mama alisema. "Namuuliza yule." Akakunyooshea mkono wewe, uliyekuwa umesimama nyuma ya viti vya wageni, kwenye mstari wa askari wenzako.

Kaka, mpaka leo nauona ule uso wa mkubwa yule alipogeuka kukutazama. Hata mimi niliyekuwa mbali nilielewa alichokuwa anakuamuru. Ulikuwa na mke na watoto wawili kwenye nyumba za askari. Ungeweza kusema ile ile ya uchunguzi unaendelea, na hakuna ambaye angekushangaa. Ulitoka mstarini, ukapiga saluti, ukasema kwa sauti iliyofika kwetu bila kipaza sauti:

"Marehemu hakuwa na silaha. Hakukuwa na majibizano. Risasi zote zilikuwa za kwetu. Na kizuizi kiliwekwa kwa amri yangu."

Mkubwa akakuita kando, mkaongea, sisi tukawa tunaona midomo tu ikicheza. Mjomba Ponsiano alikuwa ameniminya bega, anasema, "Wanamkamata. Wanamkamata sasa hivi." Lakini mkubwa alirudi kwenye kipaza sauti. Alijifuta uso kwanza.

"Ndugu wananchi," alisema, "nilichowaeleza mwanzo ndicho nilicholetewa. Si kweli, na ninakifuta. Kijana huyu hakuwa jambazi. Kwa niaba ya serikali, namwomba mama yake radhi, na aliyehusika atafikishwa mahakamani."

Kisha akashuka jukwaani akaja kusimama mbele ya mama, akainamisha kichwa. Na yeye namshukuru. Angeweza kuwasha gari akaondoka.

Jioni ile watu walikuja. Walikuja na mikeka, na sufuria, na kuni vichwani. Mafundi baiskeli wa Kibaoni walikuja wote kwa pamoja, wakajipanga, wakampa mama mkono mmoja mmoja bila kumtazama usoni. Ukawa kama msiba umeanza upya, na hapo ndipo mama alipolia. Alilia mpaka sauti ikakauka. Nilikuwa nimemwogopea ule ukimya wake kuliko kilio, ndiyo maana nasema ulimrudishia mama uhai siku ile.

Maneno yale uliyalipia. Hukutuambia, tulisikia kwa wifi. Wenzako waliacha kukusalimia. Wifi akienda bombani, wake za askari walikuwa wanachukua ndoo zao na kuondoka. Ulipokuja kwetu Jumapili ulikuwa unaongea habari za mpira na Mjomba Ponsiano, kana kwamba huna lolote, na mjomba, aliyekuzuia penye uzio, akawa ndiye anayeuliza kuanzia asubuhi kama Magesa atakuja leo.

Unakumbuka safari ya Morogoro, siku ya kesi? Mama hajazoea basi, alitapika tangu Sanje mpaka Kidatu, nawe ukamshikia mfuko njia nzima. Pale Mikumi ukashuka kumtafutia machungwa, basi nusura likuache. Mama alisahau kabisa tunakwenda wapi, akawa anapiga kelele, "Dereva, mwanangu! Mwanangu hajapanda!" Abiria wakacheka. Ndiyo mara ya kwanza kukuita hivyo.

Mahakamani wakili wa yule askari alikubana. "Wewe ndiye uliyeamuru kizuizi. Sasa unamsukumia kijana huyu kosa lako?"

Ulimjibu taratibu. "Kosa langu nimelitaja, na ninalibeba. Yeye aliogopa. Pengine hata mimi ningeogopa. Lakini hofu yetu haimfanyi marehemu kuwa jambazi."

Kijana mwenyewe, pale kizimbani, alikuwa ameinamisha kichwa. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomfikiria. Alifungwa kwa kuua bila kukusudia. Wewe ulipewa onyo, cheo chako kikasimama palepale, na baada ya muda ukapewa uhamisho wa Kigoma. Siku mnaondoka nilikuuliza pale stendi kama unajuta. Ulikuwa unafunga kamba ya godoro, hukugeuka.

"Ile kona naijutia kila siku," ulisema. "Mkutano siujutii."

Ulirudi kila likizo, hata mwaka ule wa mvua za elinino barabara zilipokatika. Kisha wiki mbili zilizopita akaja askari mmoja, mtu mpole, akasema ametumwa na wifi. Malaria ilikupanda kichwani, na wamekwisha kukuzika. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Akaniambia, "Toa mikeka. Nimefiwa na mtoto wa pili."

Juzi tulikuwa tunaondoa matanga. Watu walijaa, kaka, mpaka njiani. Mchana akaingia mwanamume mwembamba, akasimama kama mtu asiyejua pa kuweka miguu. Nilimtambua kabla hajasema.

"Shikamoo, mama," alisema. "Mimi ndiye niliyempiga risasi Damas."

Mjomba Ponsiano alisimama. Yule kijana akaendelea, haraka haraka, kama anayeogopa kufukuzwa kabla hajamaliza. "Afande alikuwa anakuja kuniona gerezani. Kila likizo alikuja. Aliniambia nikitoka tuje wote kwako, nikawa naogopa, namwambia bado. Sasa hayupo wa kunisindikiza. Nimekuja mwenyewe."

Hukutuambia hata siku moja. Ulikuwa unakula ugali wa mama, kesho yake unakwenda kumwona huyu, na hukuona sababu ya kututangazia.

Nilidhani mama atamfukuza, na ningemsaidia kumfukuza. Kisha akasema, "Marahaba," akasogea kwenye mkeka. "Kaa. Umekula?"

Mimi nilishindwa kuinuka. Mama aliinuka mwenyewe, akamletea maji ya kunawa. Alikula kidogo sana, machozi yanadondokea sahani. Alipoaga, sijui kwa nini, miguu yangu ilinipeleka. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Sikumpa mkono. Lakini nilisimama naye mpaka gari lilipokuja.

Kwa sasa ndilo ninaloliweza, kaka. Pumzika. Salamu zangu kwa Damas usizicheleweshe, mwambie mafundi bado wanamtaja.

Dada yako wa Kibaoni,
Gaudensia