Mwenda Amekataa Kaptura

Mama Njeru dada yangu,

Basi simu ilizima nikiwa nimefika pale Mwenda alimwambia dada yake, "Kwani wewe unaniita nani?" Sikukukatia, usininunie. Ni betri ilikufa, na tangu siku hiyo imekataa kabisa kushika chaji. Lakini kabla niendelee, mko aje? Mama magoti yake bado yanamsumbua? Huko Siakago jua limewahurumia ama bado linawachoma? Sisi tuko wazima, ni baridi tu ya hapa Githongo, ile ya mtu kuvaa sweta mbili na bado anatetemeka kama kuku amenyeshewa.

Leo naandika kwa sababu nimekatazwa kuongea. Usicheke. Baba Kinya ameamka akaniambia, "Leo hiyo mdomo yako ipumzike mpaka saa mbili. Usimwite Mwenda, usipite karibu na mlango wake, hata kukohoa usikohoe." Sasa mimi unanijua, mdomo ikifungwa maneno lazima yatokee mahali. Yametokea kwa mkono. Ni Jumatatu, darasa la nane wanarudi shule, na huyo kijana wangu bado hajafungua mlango.

Wacha nikuanzie mbali ndio uelewe.

Shule ilipofungwa na hii korona nilifurahi kidogo, nisikudanganye. Nilisema nimepata watu wa kunisaidia kwa kahawa. Lakini Kinya, dada yake Mwenda, aligeuza jiko yangu ikawa darasa. Yeye ako kidato cha pili, anajua kufundisha kuliko walimu wengine. Mwalimu wa Mwenda alikuwa anatuma homuweki kwa simu yangu, Kinya ananakili kwa kitabu, halafu wanaketi hapo kwa meza, mmoja anafundisha, mwingine anabishana. Mimi napika nikisikiza. Siku moja Kinya akauliza swali ya pembetatu, nikajibu kutoka kwa sufuria, na ikawa ni kweli! Mwenda akasema, "Mama amepita, apelekwe chuo." Tulicheka mpaka maharagwe ikaungua.

Halafu serikali ikasema shule ni mpaka mwaka ujao. Hapo ndio tulikosea. Unajua vile hufanywa huku: kijana anangoja amalize mtihani wa darasa la nane, Desemba anatahiriwa, Januari anaenda sekondari akiwa mwanaume na suruali ndefu. Hakuna mtu hutoka kwa kisu akarudi praimari. Lakini mwezi wa nane ndugu ya Baba Kinya akaja hapa, akakunywa chai yangu, akasema, "Watoto wako nyumbani tu. Tunangoja nini?" Baba Kinya alisema tungoje. Alisema, nilimsikia na hii masikio yangu mbili. Ni mimi nilisema wacha ifanywe. Si majirani walikuwa wamepeleka vijana wao, wanawake wanapika, wanaimba, na mimi nibaki nyuma waseme huyu mwanamke wa Embu hajui desturi yetu? Nikapika uji, nikaimba mpaka sauti ikaisha. Wiki nzima nilikuwa naongea kwa kunong'ona kama mwizi.

Alipona vizuri, Mungu ashukuriwe. Alijengewa kajumba kake huko nyuma ya ndizi, na mama haingii kwa nyumba ya kijana ametahiriwa. Na yeye naye haingii jikoni kwangu tena. Sasa fikiria dada, na darasa lilikuwa jikoni!

Siku ya kwanza Kinya akamwita vile alikuwa amezoea. "Mwenda, kuja hesabu." Kijana akasimama pale nje, mikono mfukoni, sauti anailazimisha iwe nzito. "Kwani wewe unaniita nani? Mimi si wa kuitwa na msichana."

Kinya naye, si ni wangu, akamjibu, "Haya mzee. Na asilimia nayo umeishinda, ama bado inakukimbiza?"

Aki nilicheka nikiwa nyuma ya mlango. Lakini yeye hakucheka. Aligeuka akaenda, na wiki tatu hakushika kitabu.

Kisha redio ikasema tena, hapana, darasa la nane warudi mwezi huu. Baba Kinya akamwendea. Mwenda akamwambia, "Mimi siendi. Siwezi kuvaa kaptura, na siwezi kukaa dawati moja na vijana bado hawajatahiriwa." Alisema polepole, bila hasira, na hiyo ndio iliniogopesha. Mtoto akipiga kelele unajua itaisha. Kumbe wenzake wawili tayari wameenda Laare kuchuma miraa, na wamemwambia nafasi iko. Akienda huko, mtihani ndio basi. Hakuna mtu nimewahi kuona ametoka kwa miraa akarudi kuvaa yunifomu.

Hapo nilikumbuka mimi. Watu wakiniuliza kwa nini niliachia darasa la nne huwa nasema ni karo. Lakini wewe ulikuwa hapo. Nilianza kupikia watu wa kulima, nikasifiwa chapati, nikaona nyinyi mnaoenda shule ni watoto tu. Hakuna mtu alinikataza kusoma. Nilijiona mkubwa, na mtu mkubwa ni nani atamwambia kitu? Hii ukubwa ikija kabla ya siku yake ni tamu sana, dada. Na mimi ndiye nimemwonjesha yeye, sababu ya kuogopa mdomo ya majirani.

Ni Kinya alipata njia. Chakula ya Mwenda tunaweka kwa jiwe pale mlangoni, anachukua mwenyewe. Siku moja Kinya akaandika hesabu tatu kwa karatasi, akaikunja, akaweka chini ya sahani ya mukimo. Jioni sahani ikarudi imeoshwa, karatasi hakuna. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tatu karatasi ikarudi na majibu yote, na hapo chini ameandika, "Swali la pili umekosea wewe." Kinya akaangalia, akaangalia tena. "Na ni ukweli nimekosea. Huyu kichwa kikubwa!" Tangu hapo kila siku inaenda na kurudi. Hakuna mtu ameitwa, hakuna mtu ametumwa.

Mimi nikaenda kwa mwalimu mkuu kumwomba suruali ndefu. Alicheka. "Mama Kinya, unafikiri ni wewe peke yako umekuja na hiyo maneno? Mshoneni ndefu, bora rangi ni ile ya shule." Fundi ameshona. Jana Baba Kinya amempelekea. Mwenda akachukua, akasema asante, akafunga mlango. Sasa hiyo asante ni ya nini? Ni ya shule, ama ni ya kwenda Laare na suruali mpya? Nilitaka kumuuliza nikiwa nje tu, kwa dirisha. Baba Kinya akanishika mkono. "Tulimfanya mwanaume sisi wenyewe. Wacha achague." Nikamwambia huyo mwanaume ana miaka kumi na nne. Usiku hakulala, nilimsikia akigeuka geuka.

Wacha niandike salamu sasa kabla nisahau. Mama umsalimie sana, lakini maneno ya Laare usimwambie mpaka nijue imeenda wapi. Salimia shemeji wangu mwenye ng'ombe, na Njeru wako na bibi yake, na shangazi yetu wa kuuza ndengu, umwambie kikapu chake niko nacho, sijaiba. Hii barua nampatia mama mmoja wa kuuza ndizi, atakuja soko ya huko wiki hii. Ukimwona mpe chai, atakuongezea zile habari zingine mimi sijaandika.

Sasa ni saa moja na robo. Nimesikia komeo ya mlango wa Mwenda. Baba Kinya ako kwa ng'ombe, amewacha kukamua, nasikia maziwa imenyamaza. Sichungulii. Nimekatazwa.

Mtu amesimama hapo nje ya jiko. Haingii.

"Mama!"

Ananiita mimi, dada.

"Mama, barakoa yangu iko wapi? Wamesema bila barakoa hakuna kuingia getini!"

Naenda, naenda.

Mdogo wako,
Mama Kinya