Watoto wa Ghalani

12 Januari

Mdogo wangu mpenzi,

Hujambo? Shemeji hajambo? Huku tunapumua, ila miguu imenivimba kwa kukanyaga cherehani. Msimu wa sare za shule ndio huu. Chiriku wangu anakusalimu. Tangu aingie darasa la tatu anaongea hata usingizini.

Sasa nikwambie. Jumatatu mwalimu mkuu aliwatoa mstarini watoto wote wa huku ng'ambo ya mto, akawaingiza kwenye ghala la majembe. Ndilo darasa lao sasa: la kwanza mpaka la tano humo humo, mwalimu mmoja, dawati hakuna. Nikamfuata. Alinijibu huku anasahihisha madaftari, hata uso hakuinua.

"Mama, watoto wenu wazito. Wanawarudisha wenzao nyuma."

"Wangu alikuwa wa pili darasa zima!"

"Ni maagizo, mama. Si mimi."

Wewe ni karani hapo ofisi ya elimu. Maagizo ya nani? Nitafutie hiyo karatasi.

Dada yako

30 Januari

Shikamoo dada,

Sisi wazima, namshukuru Mungu. Pole na miguu. Jioni iloweke kwenye maji ya chumvi.

Nimepekua majalada yote, sijaona kitu. Labda ni akili za huyo mwalimu mkuu mwenyewe. Nakuomba usijitie mbele. Hapa ofisini hakuna ajuaye kwamba nimezaliwa ng'ambo, na mume wangu anataka ibaki hivyo. Mlete Chiriku kwangu. Tutamwandikisha shule ya huku kwa jina la ukoo wa mume wangu, na hakuna atakayeuliza.

Mdogo wako

3 Machi

Mdogo wangu,

Habari za siku? Miguu imepungua, ahsante.

Nikikuletea mmoja, wale arobaini na sita watakaobaki ghalani nimwachie nani? Tumejipanga, mimi, muuza mkaa na fundi matofali, na wazazi wengine wamefuata. Kila asubuhi tunawapeleka watoto nje ya madirisha ya madarasa yao ya zamani. Wanasikiliza wamesimama, huyu anaandikia mgongoni mwa yule. Mwalimu mkuu akaamuru madirisha yafungwe. Joto likawachemsha wa ndani mpaka wakayafungua wenyewe! Tulicheka siku hiyo.

Lakini mabosi zako walipokuja walituambia: "Karatasi ya kuwatenga iko wapi? Kama hakuna, mmejitenga wenyewe." Tazama tena, mdogo wangu. Tazama vizuri.

Dada yako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo. Sina salamu ndefu.

Polisi walikuja shuleni tukiwa pale madirishani. Fundi matofali alipigwa rungu la uso, jicho moja limekwenda. Mimi nilikaa mahabusu siku tisa. Chiriku alinishika gauni wakati wananiburuta, akaanguka, watu wakamkanyaga. Mkono umevunjika. Mkono utapona, wanasema. Ila tangu siku ile hajatamka neno, hata "mama."

Tume ya malalamiko itatusikiliza mwezi wa tano. Bila karatasi, ni maneno yetu tu.

Dada yako

11 Aprili

Shikamoo dada,

Barua hii nimeiandika mara nne nikaichana.

Karatasi ipo. Niliichapa mimi, mwezi wa kumi na moja. Bosi alisoma, mimi nikapiga: watoto wa ng'ambo wakae chumba cha peke yao. Palipokuwa na kosa la herufi nililisahihisha. Barua yako ya Januari ilipofika, nilijua jalada lake na rafu yake. Nikaogopa. Nikajiambia, ni chumba tu.

Nakala yenye mhuri nimeitia humu. Herufi za jina langu, za mchapaji, ziko chini kushoto. Usizikate.

Mdogo wako, kama bado unaniita hivyo

6 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo? Nimekaa kimya kwa sababu kila nikishika kalamu yalikuwa yanatoka matusi.

Karatasi yako ilisomwa mbele ya tume. Bosi wako akasema ya kughushi. Muuza mkaa akasimama: "Mzee, huo mhuri wako. Hata mimi nisiyejua kusoma nauona!" Ukumbi mzima ulicheka, wewe.

Ghala limefungwa. Watoto wamerudi madarasani, wamepewa madawati ya nyuma kabisa. Mwalimu mkuu amehamishiwa shule kubwa zaidi. Jicho la fundi hakuna aliyeliuliza. Chiriku anakwenda shule. Akiulizwa swali anaandika jibu kwenye daftari na kulinyanyua. Daktari amemtazama koo, hakuona kitu.

Nimesikia umefukuzwa kazi, na mumeo amekutolea mizigo nje. Nisikufiche, siku ya kwanza nilifurahi. Ya pili nikalia.

Sijakusamehe. Ungesema Januari, fundi angekuwa na macho mawili. Lakini wazazi wa shule ya kule juu wamekuja kwetu, watoto wao nao wametengwa, na hapa hatuna anayejua kuandika barua ya ofisini ikasomwa. Wewe unajua.

Njoo. Utalala kitanda kimoja na Chiriku. Usimlazimishe kuongea.

Dada yako