Tasnifu Yako ya Sarafu za Fedha

Masanja ndugu yangu,

Kwa zaidi ya miaka arobaini nilikuacha uamini kwamba nilikushinda kwa haki. Sasa umelala kaburini, nami moyo wangu umechoka; daktari wangu hapa Tumba, Uswidi, hazungumzii tena mwaka ujao. Ngoja niseme ningali naweza kushika kalamu.

Mkeo amehamia Jakobsberg kwa binti yenu Grace. Makaratasi yako aliniletea mimi, eti mimi ndiye ningeyaelewa. Juu kabisa ilikuwa tasnifu yako, juu ya wakulima wa Marekani wa zamani waliodai serikali irudi kutengeneza sarafu za fedha kwa wingi, isibaki na dhahabu peke yake. Nimeisoma tena, polepole, kwa macho haya.

Wewe mtoto wa mkulima wa pamba uliwaelewa. Jikoni kwetu Skärholmen, ukisonga ugali wa semolina, nilikuuliza: sarafu zikizidi, bei si zitapanda na kula akiba ya mfanyakazi? Ukaninyooshea mwiko.

"Bwana Dhahabu, sikiliza. Sarafu zikiwa chache, bei ya pamba inashuka, deni halishuki. Mtu alikopa thamani ya marobota kumi, analipa ishirini. Haombi asamehewe. Anaomba kipimo kisibadilishwe akiwa shambani."

Nikanawa mikono, nikala.

Wiki iliyofuata ukaitetea tasnifu hiyo chuoni. Kwa desturi ya hapa, mwanafunzi mwenzako ndiye hupewa kazi ya kukupinga mbele ya walimu, na nilipewa mimi. Tulikubaliana tutumie Kiingereza. Kiswidi chako kilikuwa cha miezi michache. Nikauliza swali lile lile la jikoni, kwa Kiswidi, haraka haraka. Walimu wakangoja jibu kwa lugha hiyo hiyo. Ukanitazama. Ukatafuta maneno, na... hukuyapata. Walimu wakaandika kwamba hulielewi somo lako. Nafasi ya kuendelea na masomo ilikuwa moja, nikaipata mimi.

Wewe ukaenda kusafisha treni. Kila Krismasi uliwaambia watoto, "Huyu alinipiga swali moja tu, nikalala." Walicheka. Nami nilicheka.

Jumamosi Grace anakuja. Naahidi kumweleza yote, na tasnifu nitamkabidhi yeye. Pumzika, ndugu yangu.

Niliwaambia wenzetu kwamba Kiswidi kilinitoka kwa mazoea tu. Si kweli. Jibu lako nilikuwa nimeliamini tangu pale jikoni, na nilichagua lugha ambayo kwayo usingeweza kulisema.