Viroboto Niliowabadilisha

Jinja, Jumapili

Dada yangu Khainza,

Mulembe, salamu nyingi. Natumaini goti lako limekubali tena kwenda sokoni, na mvua haijaingia ndani huko Namatala. Mimi mwili ni mzima. Soma hii ukiwa umekaa.

Unajua kazi yangu hapa, nyumba ya kupimia maji ya ziwa. Nilikuambia mimi ni daktari wa pili. Kufagia nafagia, lakini viroboto wa maji ni wangu. Ni wadogo kama punje ya chumvi, wanaruka ndani ya glasi. Nawalisha hamira, na wananijua: nikikohoa tu, wote wanageukia mlangoni. Mzungu mmoja alitaka kunichukua kwao nikafundishe. Nikamwambia, hawa nitamwachia nani?

Mwezi uliopita ziwa liligeuka kijani pale anapokaa binti yako Nandudu, zito kama rangi ya mlango. Daktari wetu wa hapa kazini akaleta maji yale, akatia viroboto kumi, na kumi wengine kwenye maji safi. Akasema, "Bwana Mugoya, niangalizie. Kesho kutwa nahesabu."

Siku ya kuhesabu nikafika mapema. Wa maji ya kijani wote wamelala chini. Dada, mkononi mwangu hakuna kiroboto aliyewahi kufa. Nikaona aibu, nikajua watasema ni uzembe wangu. Nikawatoa, nikatia kumi wazima. Daktari akaingia, akawakuta wanaruka. Akaandika kwamba maji hayana neno.

Nilipopita kwa Nandudu akaniuliza, "Mjomba, tunywe haya?"

Nikacheka. "Nimeyapima mimi mwenyewe. Chemsheni, mnywe."

Haikupita wiki, mbuzi wawili wakafa pale ufukweni. Kisha mjukuu wako akaanza kutapika. Sasa amelazwa hapa Jinja, macho yamekuwa manjano. Hospitali hawajasema ni maji. Mimi sikungoja waseme. Nilienda kwa daktari wangu nikamweleza yote.

Hakunigombeza. Akasema, "Mugoya, kufa ndiyo ilikuwa kazi yao. Wangekufa, tungejua kuna sumu. Na hii haitoki kwa kuchemsha." Akachukua gari akaenda kuwakataza watu.

Jana nilipeleka dumu la maji ya kisima wodini. Nandudu akasema, "Asante, mjomba," akalisukuma chini ya kitanda. Mtoto alipolia kiu, akaenda kuomba maji kwa mama wa kitanda cha pili.

Njoo, dada. Panda gari la asubuhi, nitakungoja Bugembe. Beba maji ya kunywa kutoka huko kwako. Yako atayapokea.

Msalimie shemeji, asiache kutengeneza baiskeli za watu kwa ajili ya mawazo. Mama mzee mwambie mtoto anaumwa, amwombee. Kosa langu nitamweleza kwa mdomo wangu.

Ni mimi mdogo wako,
Mugoya, mfagiaji