Ulipolala Pana Rangi Nyekundu

Kaka Elisante,

Shikamoo. Nimeliandika hilo neno, mkono ukasimama kusubiri marahaba yako. Haya. Mungu anajua.

Kaka, nimekwama, na sina wa kumwambia ila wewe. Kesho eskaveta inapanda Suji kuchonga kiwanja cha nyumba ya Mama. Ule ufa wa chumbani kwake sasa unapitisha kiganja, na mawingu ya vuli yameshaushika mlima. Dereva kanipigia simu: "Dada, niambie tu wapi nachimba kiasi gani, mengine niachie." Nikafungua kompyuta yako hapa ofisini Same, nikauita mchoro uliouchora mwenyewe kabla hujaugua.

Nikafanya ulivyonifundisha. Unakumbuka nilivyoogopa hata kuigusa? Ukanicheka: "Nakijwa, haing'ati hii. Nyekundu tunakata, bluu tunajaza. Weka mshale unapotaka, yenyewe itakutajia kina." Nikauweka mshale upande wa chini: bluu, jaza nusu mita. Nikapanda nao taratibu, rangi ikawa nyekundu, ikazidi kukolea. Nikafika chini kidogo ya kaburi la Baba, lile ulilolizungushia mstari lisiguswe.

Kata mita moja na nusu.

Kaka, hapo ndipo tulipokuzika.

Wazee walisema mtoto wa kwanza alale karibu na baba yake. Upande wa juu ni mwamba, basi wakachimba upande wa chini. Nani angekumbuka mchoro siku ile? Shambani hapakuwa na kigingi hata kimoja, vipimo vyote vilikuwa humu ndani ya kompyuta, na mimi nilikuwa nimeshikwa na wanawake wawili nisianguke.

Nimejaribu kukiinua kiwanja chote ili wewe upone. Bluu ya chini ikawa nzito, maana yake Mama atalala juu ya udongo wa kumwaga. Na wewe ulikuwa ukisema, "Udongo wa kujaza ni mgeni, usimkabidhi nyumba." Nikasogeza pembeni, nikakutana na korongo. Nimeomba mpaka maneno yameniisha, nimebaki naita Yesu, Yesu, kama mtoto aliyepotea mnadani.

Mwisho nikampigia Mama. Nikamweleza mchoro unavyosema. Kisha akasema, "Vyumba vinne nakwenda kulala na nani? Mwanangu hatikiswi. Ipunguzeni hiyo nyumba." Yeye hakulia. Niliyelia ni mimi.

Basi nimekibana kiwanja. Vyumba viwili, na kukata kunaishia kabla ya kufika miguuni pako, halafu tutajenga ukuta wa mawe kuzuia mlima. Lakini kaka, huo ukuta utashika? Programu inanipa kina, hainiambii udongo utakaa au utashuka. Hilo ulikuwa ukilijua wewe, ukiusugua udongo kiganjani na kuunusa. Mpimaji wa udongo niliyempata Moshi anasema atakuja mvua zikipita. Mvua zikipita! Nyumba ya Mama itazingoja?

Naogopa. Naogopa mvua moja kubwa ikuteremshe wewe juu ya mama yako. Nisamehe kwa kuandika hivyo. Mchungaji ananiambia wewe hupo pale, upo kwa Bwana. Naamini, kaka, naamini kabisa. Lakini ni mimi niliyekufunika shuka.

Kesho alfajiri napanda. Vigingi nitavipigilia kwa mkono wangu, na nitasimama kati yako na ile ndoo ya chuma mpaka kazi iishe. Dereva akivuka kigingi cha mwisho, atanikuta mimi kwanza. Na mawe tutaanza kuyapanga siku hiyohiyo, hata kama ni mimi na Mama peke yetu.

Kwaheri, kaka yangu. Nakuahidi hivi: Mama hatakosa paa, na wewe hutakosa udongo.

Mdogo wako,
Nakijwa